Mgeni, Mwenyeji na Siri: Safari za Angani katika Riwaya ya Kiswahili Zikisomwa kutoka Bweranyange

Ikisiri

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuichukulia anga kuwa kificho cha siasa: mwandishi hupandisha masimulizi mawinguni ili asikamatwe ardhini. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo, ingawa una ukweli, umeliacha kando suala la msingi, yaani ushahidi wa mtu aliyekutana na wageni na hatima ya ushahidi huo mikononi mwa dola. Kusadikika (1951) na Walenisi (1995) zinasomwa sambamba na mazungumzo yaliyofanyika katika ikulu ya Karagwe mwaka 1861 kati ya Mfalme Rumanyika na John Hanning Speke, na sambamba na mjadala wa leo kuhusu vyombo vya angani ambavyo serikali zinatuhumiwa kuvificha. Uzito wa pekee unawekwa kwenye kauli ya kutendeka katika kitenzi cha Kiswahili.

Utangulizi

Tarehe 25 Juni 2021 ofisi inayosimamia mashirika ya ujasusi ya Marekani ilitoa taarifa fupi kuhusu ripoti 144 za vitu vilivyoonekana angani, nyingi zikiwa zimetolewa na marubani wa jeshi la majini. Ni tukio moja tu lililopatiwa maelezo ya uhakika, nalo lilikuwa puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Julai 2023, David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi, aliieleza kamati ya Baraza la Wawakilishi kwa kiapo kwamba serikali yake imekuwa ikificha kwa miongo mingi mpango wa kukusanya mabaki ya vyombo visivyoundwa na binadamu. Alikiri kuwa habari hizo alizipokea kwa wengine. Machi 2024 ofisi maalumu ya Wizara ya Ulinzi ikatoa ripoti iliyosema kwamba haikuona ushahidi wowote wa mpango huo. Wanaoamini hawakushawishika, nao wana hoja moja isiyopuuzika: mtuhumiwa wa kuficha hawezi kujisafisha kwa kauli yake mwenyewe.

Mjadala huu una maswali mawili. La kwanza ni kile ambacho dola inajua na haisemi. La pili ni kile ambacho wageni, kama wapo, wamekifuata huku. Inaweza kuonekana kwamba maswali hayo ni ya Washington wala si ya fasihi ya Kiswahili. Ukweli ni kwamba nathari ya Kiswahili iliyashughulikia mapema, na kwamba swali la pili liliwahi kuulizwa katika Kiswahili, na mfalme, mbele ya wageni wenyewe. Uhakiki haujalitazama tukio hilo kama tukio la kifasihi. Limeachiwa wanahistoria, nao wamelisoma kwa Kiingereza.

Mitaani husemwa kwa mzaha kwamba serikali ni "siri kali". Mwanaisimu atasahihisha: serikali ni neno lenye asili ya Kiajemi lililotukia Pwani na kuenea bara, ilhali siri ni ya Kiarabu, na maneno hayo mawili hayana undugu. Hata hivyo etimolojia ya mtaani hushikilia jambo ambalo kamusi haina kazi ya kulisema. Katika nchi ambayo Sheria ya Usalama wa Taifa ni ya mwaka 1970 na Sheria ya Haki ya Kupata Habari ikaja 2016, miaka 46 baadaye, msemaji wa kawaida ana sababu ya kuusikia utani huo kama maelezo.

Swali lililoulizwa kwa Kiswahili

Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Rumanyika mwishoni mwa Novemba 1861. Bweranyange, makao makuu ya Karagwe, haikuwa pembe iliyosahauliwa na dunia. Wafanyabiashara kutoka Pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na hapo, na Kiswahili kilikuwa kimekwishafika pamoja na shanga na vitambaa. Katika kitabu chake cha 1863 Speke anaandika, kwa mshangao usiofichika, kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Sentensi hiyo ina thamani kubwa kwa mwanafunzi wa historia ya lugha kuliko kurasa kadhaa zinazoifuata, kwa kuwa inaonyesha kwamba zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bagamoyo, kabla ya utawala wowote wa kikoloni, mtawala wa Kinyambo aliichagua lugha hii kuwa lugha ya kumpokelea mgeni asiyejua atoke wapi.

Rumanyika alikuwa na maswali. Alitaka kujua iwapo jua linaloonekana leo ndilo lilelile la jana au kila siku huja jipya, na iwapo mwezi hubadili sura ili kuwacheka wanadamu. Waandishi wa Ulaya wamezoea kuyanukuu maswali haya kama kichekesho. Hayo ni maswali ya elimu ya nyota yaliyoelekezwa kwa mtu aliyebeba vyombo vya kupimia nyota, na muulizaji alimchagua mjibu wake vizuri. Ila swali kuu lilikuwa jingine: ni nini hasa kinachowafanya watu hawa watumie mali nyingi kiasi hiki kutembea nchi zisizo zao?

Jibu la Speke, kama anavyoliripoti mwenyewe, linajipinga. Kwanza anadai kwamba watu wa kwao wameshiba starehe zote, kwamba wako juu ya biashara na hawahitaji faida, na kwamba wanachotafuta ni kuuona ulimwengu na kuustaajabia uumbaji. Papo hapo anaongeza kwamba wamevutwa na sifa za mfalme, na kwamba wanataka kufungua njia ya kaskazini ili bidhaa bora za Ulaya zifike Karagwe na mfalme apate wageni wengi zaidi. Asiyehitaji biashara amekuja kufungua njia ya biashara. Na ahadi ya "wageni wengi zaidi" ilitolewa kama zawadi.

Kilichofanyika baada ya hapo kinajulikana. Speke alipima latitudo. Ziwa lililo karibu na ikulu alilibandika jina la ziwa la Uingereza, Windermere, kwa kulitanguliza neno la kuonyesha udogo. Alimpima shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kwa desturi ya ikulu: mkono, kifua, paja, kigimbi, urefu. Ili akubaliwe, aliahidi kuonyesha mikono na miguu yake mitupu. Vipimo vimo kitabuni. Jina la mwanamke halimo.

Miaka mia moja baadaye, usiku wa 19 kuamkia 20 Septemba 1961, wanandoa Barney na Betty Hill walikuwa wakiendesha gari katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Simulizi yao, iliyochapishwa na John G. Fuller mwaka 1966, ndiyo iliyoweka kielelezo cha masimulizi yote ya kutekwa na viumbe wa anga za mbali. Ndani yake wageni wanawachunguza wenyeji miili na kuchukua nywele na kucha, na Betty anapouliza wametoka wapi, kiongozi anamwonyesha ramani ya nyota na kumuuliza kama anajua yeye yuko wapi juu ya ramani hiyo. Hajui. Basi, anaambiwa, hakuna haja ya kumweleza. Yaliyowapata wanandoa hao si suala la makala haya. Linalohusika ni umbo la masimulizi: mgeni mwenye vyombo, mwili wa mwenyeji unaopimwa, ramani ambayo mwenyeji hawezi kuisoma, na swali la nia linalojibiwa kwa namna ya kulikwepa. Umbo hilo halikubuniwa mwaka 1961. Bweranyange ililijua, tena kwa ushahidi wa mpimaji mwenyewe.

Mwanafizikia Stephen Hawking alionya mwaka 2010 kwamba wageni wa angani wakija, mambo yanaweza kuwa kama Columbus alipotua Amerika. Mfano huo umerudiwa mno, nao haufai sana. Columbus aliwadhuru wenyeji waziwazi na mapema. Speke hakumdhuru Rumanyika. Walipeana zawadi, wakawinda, wakaagana kwa upole mnamo Januari 1862, huku Grant akibaki kwa sababu ya mguu uliokuwa na kidonda. Madhara yalikuja kwa njia ya karatasi. Kutoka vilima vya Karagwe Speke aliona kwa mbali vilele alivyoviita Mfumbiro. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliopitisha mpaka wao magharibi ya Ziwa Viktoria katika nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na mlima Mfumbiro ukatajwa kwa jina, kwa sharti la kubaki upande wa Waingereza. Rumanyika alikuwa amefariki tangu 1878. Mtu aliyeuliza wageni wanataka nini alijibiwa na mkataba, miaka 29 baadaye, katika chumba ambacho hakuna mtu wa Karagwe aliyekuwamo.

Ikumbukwe pia kwamba jibu lile la 1861 lilipita katika vinywa kadhaa. Speke hakuwa hodari wa Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, na Bombay ndiye aliyelitia katika Kiswahili. Kwa hiyo maandishi ya Kiingereza yanayonukuliwa na kila mtu si mazungumzo yenyewe. Mazungumzo yenyewe yalikuwa matini ya Kiswahili, na matini hiyo imepotea.

Kutambulika na kutambuliwa

Vyombo vya habari vya Kiswahili vinapozungumzia suala hili hutumia zaidi maumbo mawili: vitu visivyojulikana na vyombo visivyotambulika. Yote mawili yana tatizo ambalo halihusiani na ufasaha. Linahusu nani anawajibika.

Kauli ya kutendeka, yenye kiambishi -ik- au -ek-, hueleza hali au uwezekano. Mlango umefunguka, chakula hiki kinalika. Haimkaribishi mtenda. Mtu anaweza kusema chombo hakijatambuliwa na jeshi, lakini chombo hakitambuliki na jeshi ni tungo inayokwaruza sikio, kwa sababu kauli hiyo huweka upungufu ndani ya chombo chenyewe. Kikikataa kutambulika, kosa ni lake. Kauli ya kutendwa, kinyume chake, humwachia mtenda kiti hata anapokuwa hayupo: havikutambuliwa, na nani? Rugemalira (1993), katika uchunguzi wake wa minyambuliko ya kitenzi cha Runyambo, lugha ya Karagwe yenyewe, ameonyesha kwa kina jinsi viambishi vya aina hii vinavyopanga upya uhusiano wa kitenzi na washiriki wake. Wahakiki wa fasihi hawajazoea kuupeleka ujuzi huo mahali ambapo washiriki wanaofichwa ni maofisa.

Jambo la pili ni wakati. Urejeshi wa ukanushi kwa -si- hauna wakati: visivyotambulika ni jana, leo na milele. Kiswahili kina kiambishi -ja- ambacho katika ukanushi hubeba maana ya kazi isiyokwisha, yaani "bado". Vitu ambavyo havijatambuliwa ni maneno marefu kidogo kwa kichwa cha habari, lakini ndiyo tafsiri sahihi, maana yanasema kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kutambua, na kwamba hawajaimaliza. Istilahi fupi imeshinda, kama kawaida, nayo imeigeuza kazi iliyokwama kuwa muujiza.

Hoja hii ina ushahidi nje ya sarufi. Mradi wa jeshi la anga la Marekani ulioitwa Blue Book, uliodumu kuanzia 1952 hadi 1969, ulipokea ripoti 12,618, na 701 kati ya hizo ziliachwa bila maelezo. Mwaka 1997 mwanahistoria wa shirika la ujasusi la CIA, Gerald Haines, alieleza kwamba sehemu kubwa ya ripoti za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege za siri za upelelezi zilizoruka juu kuliko ndege yoyote iliyojulikana na raia. Waliojua walinyamaza, walioona wakaitwa waotaji. Vivyo hivyo kuhusu Roswell, 1947: ripoti ya jeshi la anga ya 1994 ilisema mabaki yale yalikuwa ya maputo ya mradi wa siri wa kunasa mitetemo ya majaribio ya nyuklia ya Kisovieti. Kwa maelezo hayo, vitu hivyo vilitambulika vizuri kabisa. Palikuwa na ofisi iliyovitambua siku zote. Inafuata kwamba kuwapo kwa siri si ushahidi wa kuwapo kwa wageni, jambo ambalo wanaoamini hulisahau. Lakini inafuata pia kwamba kicheko cha serikali si ushahidi wa ujinga wa shahidi.

Wajumbe waliorudi

Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951. Kwa sadfa, tarehe 19 Februari mwaka huohuo, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa imeondoka Nairobi waliripoti kuona kitu king'aacho kikiwa kimetulia juu ya Kilimanjaro. Hakuna haja ya kuunganisha mambo hayo mawili. Anga ya Tanganyika ilikuwa na shughuli nyingi mwaka huo.

Nchi ya Kusadikika iko angani. Tangu wakati wa ukoloni hadi leo, wahakiki wameieleza anga hiyo kuwa ni barakoa: Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, asingeweza kusema aliyotaka kuhusu Tanganyika, akaiweka nchi yake juu. Usomaji huo ni sahihi kiasi cha kuchosha. Ukishasema kwamba anga ni Tanganyika, umemaliza kazi. Hakuna kinachobaki cha kuuliza kuhusu anga. Lakini muundo wa kitabu haukujengwa juu ya mahali nchi ilipo. Umejengwa juu ya safari. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, hajitetei kwa kuieleza sheria. Anajitetea kwa kusimulia, moja baada ya nyingine, habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya Kusadikika, pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na ujuzi wa walimwengu wengine, na kwa malipo yao wakatiwa gerezani.

Itazamwe hoja hiyo kama ilivyo. Dola ilituma watu kwa walimwengu wengine. Watu walirudi na ripoti. Ripoti zilikuwa na manufaa. Dola ilizifunga pamoja na waliozileta. Hakuna mjumbe aliyethibitishwa kuwa mwongo, na wala haikuwa lazima. Katika baraza la Kusadikika swali la ukweli wa habari linakuja nyuma ya swali la nani ameruhusiwa kuwa nayo. Kila msikilizaji wa kikao cha 26 Julai 2023 angelitambua baraza hilo. Karama anafanya kile ambacho shahidi wa leo hutamani kufanya: anaigeuza kesi yake kuwa kumbukumbu rasmi, ili yale yaliyofungiwa yasomwe kwa sauti ndani ya jengo la wafungaji.

Hapa jina la kitabu lastahili kuangaliwa tena. Ku-sadik-ik-a: ni kauli ileile ya kutendeka. Wahakiki wametafsiri jina hilo kuwa nchi ya kuaminika, au nchi ya kufikirika tu ambayo mtu anaweza kuamua kuisadiki, na kuishia hapo. Lakini kauli ya kutendeka, kama ilivyoonyeshwa, humfuta mtenda. Kusadikika kwa nani? Wajumbe sita wanasadikika, hakuna aliyewasadiki. Pengo kati ya vitenzi hivyo viwili ndiyo njama ya riwaya nzima. Mwandishi aliyeijua sarufi ya lugha yake kiasi kile hakuliokota jina hilo kwa bahati.

Kinachokosekana Kusadikika ni mwenyeji wa upande wa pili. Wajumbe wanakwenda, wanaona, wanarudi. Wale waliotembelewa hawana swali lolote kuhusu nia ya wajumbe. Kwa upande huo riwaya ya Shaaban Robert inafanana na kitabu cha Speke kuliko inavyofanana na Rumanyika. Ujuzi unachumwa kama tunda la mwituni, wala haielezwi kama aliyetembelewa alibaki na nini. Wanaomtukuza mwandishi huyu hawapendi kulisema hilo, nalo halipunguzi ukubwa wake.

Walenisi, na wageni wa kale

Walenisi ya Katama Mkangi inarekebisha upungufu huo, japo kwa njia ambayo kisanaa ni nzito mahali pengine. Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi katika utawala wa Moi, alimpa mhusika wake Dzombo adhabu ya ajabu: anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani katika chombo. Badala ya kufa anafika nchi ya Walenisi, jamii ya watu huru wasionyonyana. Katika fasihi ya ulimwengu mgeni wa angani huja kwetu akiwa na nguvu, na nia yake ndiyo fumbo. Hapa mgeni wa angani ni Mwafrika aliyehukumiwa, anayefika bila silaha, bila ramani na bila mpango. Nia yake haina fumbo: alifukuzwa duniani. Wenyeji ndio wenye elimu ya kumchunguza, na wanachomchunguza ni mawazo yake, mwili wanauacha.

Wahakiki wamekwishaonyesha kwamba jina linafumuka kuwa wale ni sisi. Inafaa kuongeza kwamba kielekezi hicho ni cha mbali. Lugha ingeruhusu hawa ni sisi, ambayo ingeufuta umbali. Mkangi ameuacha umbali pale ulipo, akaweka kishirikishi ni katikati, na kwa hivyo msomaji analazimika kukubali mambo mawili yasiyokaa pamoja kirahisi. Kurasa za mafundisho ya kijamii, ambazo ni nyingi, zinachosha. Jina peke yake linafanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za wahusika.

Umbali huo una faida moja ambayo pengine mwandishi hakuikusudia. Unamkinga msomaji na mtego wa Erich von Däniken, ambaye kitabu chake cha 1968 kilidai kwamba kazi kubwa za watu wa kale zilifanywa au kufundishwa na wageni kutoka angani. Madai ya aina hiyo hupenda kuangukia Afrika, Amerika na Asia. Kwa Karagwe mtego huo una historia ndefu kuliko Däniken. Masimulizi ya eneo la Maziwa Makuu yanawataja Wachwezi, watawala wa ajabu waliokuja, wakatawala kwa muda mfupi na kutoweka, na simulizi zinamuunganisha Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Karagwe, na Wamara wa Wachwezi. Speke, alipoketi na Rumanyika, aliona kwamba mwenyeji wake hakufanana na watu aliokuwa amekutana nao njiani. Badala ya kuyapima upya maoni yake kuhusu watu hao, alibuni asili ya ng'ambo: watawala hawa, akaandika, wametoka Uhabeshi. Nadharia hiyo ilikuja kumwaga damu nyingi katika nchi jirani katika karne iliyofuata. Kimuundo ni ileile ya Däniken, isipokuwa kwamba chombo cha kusafiria ni miguu.

Ushahidi wa ardhini unasema vingine. Katika ikulu ya Bweranyange palihifadhiwa vifaa vya kifalme vya chuma, nyundo na sanamu za ng'ombe, vinavyohusishwa na Ndagara, baba yake Rumanyika. Ni kazi ya wahunzi, wala haimhitaji mgeni yeyote. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao Buhaya, mashariki mwa Karagwe, yaliyoonyesha kwamba wahunzi wa eneo la Ziwa Viktoria waliyeyusha chuma kwa hewa iliyopashwa moto kabla ya kuingia tanuruni, ufundi wenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Wazee wa Kihaya, waliokuwa wameacha kazi hiyo miaka mingi, waliirudia mbele ya watafiti. Msimulizi wa Wachwezi hakuwahi kusema kwamba Wachwezi waliwafundisha Wahaya kila kitu. Hilo liliongezwa na wasomaji wa nje. Masimulizi yenyewe yamejaa nasaba, ndoa, ng'ombe na kisasi, mambo ya jirani kwa jirani.

Kiswahili kina kumbukumbu yake juu ya jambo hili, nayo imo katika neno la kila siku. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalipa mzungu, pamoja na maana ya mtu wa Ulaya, maana ya jambo la kushangaza, ustadi au hila. Na mizungu ni mafunzo ya siri wapewayo wanawali unyagoni. Mgeni wa ajabu na siri inayofundishwa faraghani vimekaa chini ya shina moja. Tofauti na siri ya dola, mizungu ina utaratibu wa kutolewa: kila mwali ataambiwa, kwa zamu yake, na mtu anayejulikana. Ni siri iliyo na tarehe ya kufunguliwa.

Inabaki matini iliyopotea. Kiingereza cha Speke kinatoa swali moja la Rumanyika kuhusu nia. Kiswahili kina maswali kadhaa, wala hayalingani. Mmekuja kufanya nini? linauliza kazi. Mnatafuta nini? linadhani kwamba kuna kitu kilichopotea, na kwamba mgeni anakijua. Mmefuata nini? linadhani kwamba kitu hicho kiko hapa kwa mwenyeji, na kwamba mwenyeji anakijua. La nne, ambalo adabu ya Pwani na ya bara ingelitanguliza, ni habari za mtokako? Mfalme aliyesalimu kwa Kiswahili kizuri bila shaka alichagua kati ya hayo. Jibu la Speke, lenye sifa za mfalme upande mmoja na njia ya kaskazini upande wa pili, linaelekea kuwa jibu la swali la tatu: limeharakisha kukana kwamba kuna chochote Karagwe kinachotakiwa, kabla ya kutaja njia. Mtu hukana hivyo anapoulizwa amefuata nini.